Begi Tupu Lililonirudisha Buswelu

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijavuka ua wa minyaa, mimi hufagia uwanja wetu kuanzia mlangoni hadi kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba. Nikimaliza nakaa juu ya jiwe hilo na kuosha vikombe vya jana. Ndiyo saa yangu. Hakuna anayeniuliza kitu, nami simuulizi mtu.

Siku ya tatu tangu nirudishwe nilikuwa kwenye kikombe cha pili, kichwa cha jirani yetu Mama Ngosha kilipotokeza juu ya minyaa.

"Mwangaluka," alisema, kisha salamu ikamkwama. Alinitazama kama mtu anayemwona uani kuku aliyemla jana. "Rebeka, si ulisafiri wewe?"

Nikamwambia nilisafiri, na nimerudi.

"Umesahau nini?"

Kikombe kiliniponyoka, kikagonga jiwe, mshikio ukakatika. Mama Ngosha hakuwa akitania. Kwake yeye, mtu aliyeagwa Jumapili kwa keki na kwaya hawezi kuonekana Ijumaa anaosha vyombo, ila kama kuna kitu amekifuata. Akaongeza kwamba kipande cha keki yangu bado anacho kabatini, amewawekea wajukuu wanaokuja kesho, na sasa hajui kama ni halali kukila.

Nikamwambia wale tu. Nikaingia ndani nikafunga mlango, lakini nilijua kufikia saa nne Buswelu nzima itakuwa na habari.

Kwa aliyelikuta gazeti hili mezani kwa mtu na hajui mimi ni nani: naitwa Rebeka Luhende, mwalimu wa chekechea mwenye stashahada na, tangu mwezi uliopita, asiye na darasa. Niliomba ruhusa kazini ili niende nchi ya mbali kwa dada yangu Justa, anayeishi huko na mumewe Josephat. Justa ana mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka, na kwetu mwanamke aliyepatwa na msiba huo haachwi ajifungue akiwa peke yake. Mtu wa kwao huenda akakaa naye, akamkanda, akampikia uji, akambebea mtoto mpaka apate nguvu. Baba hayupo, kaka hatuna, Mama miguu inamsumbua. Nikawa mimi. Shule ilipoona nimeaga, ikamweka mwalimu mwingine. Jina la nchi naliweka kando, maana bado nina ndugu ndani yake.

Wiki iliyopita niliandika kwamba walinikatalia kuingia, kisha nikaruka haraka hadi kwenye ndege ya kurudi. Niliona aibu. Wengi mmeniandikia mkiuliza nilifanya kosa gani.

Nilibeba begi tupu.

Miezi miwili kabla ya safari, Justa alinipigia simu. Simu zake siku zote zilikuwa za watu watatu, maana hana simu yake mwenyewe. Anatumia ya shemeji Josephat, na shemeji huiweka sauti ya nje ili wote tusikilizane. Siku hiyo Justa alisema nije na mabegi mawili. Moja la nguo zangu, jingine liwe tupu.

"Tupu kabisa, Rebeka. Na liwe kubwa."

Nikauliza la nini. Shemeji akacheka kule nyuma, akasema labda dada yako anataka ulijaze zawadi wakati wa kurudi. Justa akacheka naye. Kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

Nilinunua begi la buluu pale stendi ya Buzuruga, kubwa kiasi kwamba muuzaji aliniuliza kama nahama. Mama akalizunguka siku nzima. Kwake begi kutoka nyumbani likiwa tupu ni sawa na kumwacha mgeni aondoke bila hata maji. Alitaka kulishindilia michembe ya viazi vitamu na dagaa. Nikakataa. Akasema mara ya mwisho mzigo kupita vibaya kwenye mlango wa ukoo wetu ilikuwa siku ya shangazi Modesta.

Kisa hicho nakijua, maana nilikuwepo, nikiwa na miaka mitano na Justa tisa. Shangazi Modesta alitoka kwa mumewe kule Magu, akafika kwa babu kwa miguu, kitenge kimefungwa mzigo kichwani. Babu hakumuuliza amepigwa au ana njaa. Alimuuliza nani amekufuata. Hakuna aliyemfuata. Basi akahesabiwa kuwa ametoroka. Alilala usiku mmoja, asubuhi akasindikizwa kurudi. Baada ya miezi mitatu baba na wadogo zake walikwenda Magu wakamchukua. Akaingia kwa mlango uleule, na safari hiyo alichinjiwa mbuzi.

Nakumbuka Justa alikataa kula ile nyama. Alimuuliza baba kwa nini sasa wanamchinjia, na mtu mwenyewe ni yule yule. Baba akamwambia atafune.

Nilimwambia Mama kwamba mimi si shangazi Modesta, begi litakwenda tupu kama dada alivyoomba. Mama akarudisha michembe jikoni. Nilidhani nimeshinda.

Sasa niwapeleke uwanja wa ndege wa kule nilikokwenda.

Afisa uhamiaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Kwa mazoea mdomo wangu ulisema shikamoo kabla sijakumbuka niko wapi. Akaniuliza kwa Kiingereza nimekuja kufanya nini. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema nimekuja kumtembelea dada yangu anayekaribia kujifungua.

"Utamsaidia?"

Nikasema ndiyo. Nani angesema hapana?

Akauliza nitamsaidia nini hasa. Hapo ndipo nilipojichimbia, wasomaji wangu, na nilichimba kwa moyo mweupe. Nilisema nitapika, nitafua, nitamwogesha mtoto, nitambeba ili dada alale. Kila neno nililiona ni ushahidi wa upendo. Kila neno yeye aliliandika. Akauliza kwetu nafanya kazi gani. Nikasema nalea watoto wa watu.

Akaweka kalamu chini na kuniomba nimfuate.

Chumba kilikuwa na meza, viti viwili na simu. Alifungua begi la nguo, akalifunga. Alifungua la buluu, akatazama ndani, akanitazama mimi, akatazama tena ndani. Aliuliza mtu anatokaje bara jingine na begi lisilo na kitu. Nikasema dada ndiye aliyeomba. Akauliza la nini. Nikasema sijui, na huo ulikuwa ukweli, ila ukweli mwingine ukiusema unasikika vibaya kuliko uongo.

Kisha akafungua zipu ndogo ya pembeni. Akatoa bahasha.

Bahasha ilikuwa na mhuri wa kanisa letu la Igogo. Sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Barua ilikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo walimpigia mkalimani simu na kumtumia picha ya barua hiyo. Alikuwa dada mwenye Kiswahili cha pwani, sauti ya taratibu kama anayebembeleza mtoto. Aliisoma kwanza kwa lugha yetu ili nithibitishe. Tunamtambulisha kwenu Rebeka Luhende, mshirika mwaminifu, ambaye amehamia huko kikazi. Apokewe kama wetu. Ni hodari sana wa gitaa la besi.

Mkalimani akaacha kusoma. "Dada, mimi natafsiri kilichoandikwa tu. Pole."

Afisa aliposikia tafsiri aliniuliza gitaa liko wapi. Nikamwambia sijawahi kushika gitaa. Akauliza kwa nini basi mchungaji wangu aseme uongo. Nikasema mchungaji hasemi uongo. Akaandika hilo pia.

Mwisho akampigia mwenyeji wangu. Mimi nilikuwa nimeshasema nitakaa wiki sita, na tiketi ya kurudi nilikuwa nayo. Shemeji Josephat aliulizwa mgeni wake atakaa muda gani, nikamsikia mwenyewe akijibu kwamba nitakaa kadiri watakavyonihitaji.

Yule mama hakunifokea. Angenifokea ningepata pa kuweka hasira yangu. Alisema viza yangu ni ya matembezi, nami nimekuja kazini, tena kuhamia. Akapiga mistari miwili juu ya viza. Akasema sitaruhusiwa kuomba nyingine mpaka mwaka mzima upite. Akanipa karatasi ya kufutia machozi, kisha karatasi ya kusaini.

Justa alikuwa nje ya mlango wa wageni na tumbo lake, amesimama saa saba nzima. Hatukuonana. Nilipata ujumbe mmoja tu, kutoka simu ya shemeji: Umetuangusha sana.

Hayo ndiyo niliyoyaruka wiki iliyopita. Nirudi kwenye ile asubuhi ya Mama Ngosha.

Mama alikuwa ndani akijifunga kanga kwenda Igogo, ambako huanika na kuuza dagaa. Tangu nilipomwambia kwamba barua ndiyo iliyoniponza, kwa siku tatu hatukuwa tumeitaja tena. Mimi niliogopa atajilaumu mpaka augue. Yeye, kumbe, aliogopa nitamlaumu. Tulikuwa tunapishana sebuleni kama wapangaji.

Nikamwambia Mama Ngosha ameniona. Kisha, sijui ujasiri niliupata wapi, nikamuuliza nani alitia barua kwenye begi.

Alikaa kitandani. Alisema ni yeye. Alisema begi halikuweza kutoka kwake tupu, na mimi nimekataa michembe, nimekataa dagaa, akaona atie kitu kisicho na uzito. Akaenda kwa katibu wa kanisa akaomba barua ya utambulisho, ili nikifika huko nisiwe kama mtu asiye na kwao.

"Ulimwambia aandike nahamia kikazi?"

"Nilimwambia unakwenda kwa dada yako. Mimi yale maandishi madogo siyaoni, Rebeka. Niliona mhuri, nikashukuru."

"Na gitaa?"

"Gitaa gani?"

Mimi ni mtu wa kuomba radhi hata ninapokanyagwa mimi. Lakini asubuhi hiyo nilivaa viatu nikiwa na hasira hadi vidoleni. Tulishuka pamoja mpaka Igogo. Mama akaenda kwenye dagaa wake, mimi nikaenda kanisani.

Ofisi ya kanisa ni chumba kimoja kinachotazama ziwa, na harufu ya dagaa huingia dirishani kuliko washirika wanavyoingia mlangoni. Katibu ni Nestory, kijana mwembamba anayevaa koti hata jua likiwaka, mpole kiasi kwamba mtu ukija kugombana naye unajiona mkorofi kabla hujaanza.

"Mwalimu, karibu. Umerudi mapema."

Nikamwambia nimerudishwa, na aliyenirudisha ni yeye. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye gitaa, Nestory alifumba macho.

Hakujitetea. Aliwasha kompyuta ya ofisi, na kompyuta yenyewe ni ya kuwashwa ukaenda kunywa chai. Tulikaa tukiitazama ikijikokota. Ni vigumu kubaki na hasira unaposubiri kompyuta na mtu anayejifuta jasho. Hatimaye barua ikafunguka, na juu yake niliona jina la faili: Shimba Geita.

Shimba alikuwa mpigaji gitaa la besi wa kwaya yetu. Miaka miwili iliyopita alipata kazi ya mgodi akahamia Geita, na mchungaji wa wakati huo akamtungia barua nzuri sana. Tangu hapo, alieleza Nestory kwa sauti iliyokuwa ikididimia, hakuna barua nyingine iliyowahi kuandikwa pale. Kila anayeondoka Igogo anaondoka na barua ya Shimba. Yeye hufuta jina la juu, anaweka la mhusika, anachapa, mchungaji anasaini, mhuri unagongwa.

Nikamuuliza ni wangapi walioondoka na gitaa la Shimba.

"Kumi na wanne. Wengi wamekwenda Kahama na Dar. Hakuna aliyewahi kulalamika." Akafikiri. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nestory akachanganyikiwa. Akaanza kuandika barua mpya palepale, safari hii ya kutunga mwenyewe, kwa yeyote anayehusika, kwamba mimi sihami, sifanyi kazi, na kwamba gitaa silijui kabisa. Akaigonga mhuri mara tatu, kana kwamba mihuri hujumlishwa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilikuwa na pasipoti yenye mistari miwili na mwaka mzima wa kusubiri. Katika nyumba yetu mwenye pasipoti ni mimi peke yangu. Nikaipokea barua yake, nikaikunja, nikamshukuru. Ndivyo nilivyo.

Labda machozi yangu ndiyo yaliyomfanya atafute kitu cha kunifariji. Alivuta daftari la washirika, akafungua kwenye herufi ya jina letu.

"Angalau jina la dada yako halijafutwa. Nilihakikisha mwenyewe alipopiga."

Nikauliza alipopiga nani.

Nestory akagundua amesema lisilopaswa. Koti likamkaa vibaya ghafla. Alisema Justa alimwomba asimwambie Mama, kwa hiyo hakumwambia Mama. Mimi hakuniwekea katazo, lakini pia hakuona sababu ya kunitafuta. Ilikuwa wiki mbili kabla ya safari yangu. Simu ya ofisi iliita kwa namba ya nje, akasikia sauti ya Justa ikinong'ona.

Nilielewa kwa nini alipiga pale. Justa alikuwa mwandishi wa kwaya, namba ya ofisi anayo kichwani tangu shule. Namba ya Mama ilibadilika mwaka jana, simu yake ilipotumbukia ziwani akisuuza dagaa. Yangu niliinunua Justa akiwa ameshaondoka. Simu ya shemeji inatujua sote, lakini kumbe siku hiyo hakutumia simu ya shemeji.

Alimuuliza Nestory mambo mawili. La kwanza, kama jina lake bado lipo kwenye daftari. La pili, kama mshirika akirudi, anapokewa hata asipokuwa na barua.

"Ukamjibuje?"

"Utaratibu ni kwamba anayerudi aje na barua ya kule alikotoka." Alikuwa ananong'ona sasa. "Akasema sawa, basi. Akakata."

Nilimwomba ile namba. Alikuwa ameiandika pembeni mwa daftari, na mbele yake jina: Aluoch.

Nilitoka nikaenda ufukweni. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye wavu akigeuza dagaa, na wanawake wenzake walininyamazia kwa adabu ile inayouma. Habari za Mama Ngosha zilikuwa zimenitangulia hata huku. Nikasimama mbali kidogo, nikapiga.

Mwanamke aliyepokea alikuwa na Kiswahili cha Kijaluo, cha watu wa Mara. Nilipotaja jina langu alishusha pumzi ndefu.

"Ni wewe yule wa begi?"

Nikasema ndiyo, mimi ndiye wa begi.

Alisema yeye ni mtu wa Shirati, amekaa nchi ile ya mbali miaka sita, na anapakana na Justa. Alisema dada yangu analia begi tangu Jumanne. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwambia anamlilia mdogo wake. Aluoch akasema hata wewe anakulilia, lakini anachotaja ni begi. Kisha akaniagiza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuagiza, kwamba nisiipige tena ile namba ya bwana.

"Nyumba yangu na yake ukuta ni mmoja," alisema. "Mimi nasikia yote."

Akaenda kumwita, Josephat akiwa kazini.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu niliongea na dada yangu bila sauti ya nje. Ungedhani angemwaga yote. Justa aliniuliza Mama hajambo. Akauliza dagaa msimu huu wakoje. Akauliza kama ile minyaa tumeipunguza. Nilimjibu kila kitu, na kila jibu alilipokea kama mtu anayepewa chakula kidogokidogo.

Nikamuuliza mtoto. Akasema anacheza sana, hasa akisikia mlango. Akasema daktari amemwambia baada ya wiki tatu hatapanda tena ndege.

Nikauliza kwani daktari ana habari gani na ndege.

"Nilimuuliza mimi."

Mwalimu wa chekechea huzoea watoto wanaolizunguka jambo. Mtoto aliyejikojolea hukueleza kwanza habari ya paka wao. Nilijua natakiwa kusubiri, lakini hasira ya siku hizo ilikuwa bado haijaniisha, nikamwambia dada, nimepoteza kazi, nimepoteza viza, nimeaibika mtaa mzima kwa sababu ya begi lako. Niambie tu la nini.

"Bado unalo?"

Nikasema lipo, chini ya kitanda.

"Bado tupu?"

"Tupu."

Akaanza kulia, si kwa sauti. Nikamuuliza alitaka kutia nini. Akasema nguo. Nikauliza za mtoto. Nikauliza tena, safari hii polepole, nguo za nani, dada. Akasema tu nguo, na kwamba lake la zamani shemeji alilitoa nje mwaka jana, akasema nyumba haina nafasi.

Sikusikia hatua nyuma yangu. Mama alikuwa ameacha dagaa wake juani. Alikuwa amesimama hapo, sijui tangu lini, mikono inang'aa magamba, na uso wake ulikuwa umefika mahali ambapo wangu haujafika.

Alijifuta mikono kwenye kanga, mmoja kisha mwingine. Akaichukua simu.

"Justa. Ni mimi. Mdogo wako ana huruma, atazunguka na wewe mpaka salio liishe. Mimi nauliza mara moja. Unataka nini?"

Nilisogeza kichwa karibu na cha Mama. Nilisikia pumzi za Justa. Nyuma yake nikamsikia Aluoch akisema neno moja tu, sema. Simu ilikuwa inanuka dagaa.

"Mama," alisema Justa, "sikumwita Rebeka aje kunilelea mtoto. Nataka kurudi nyumbani. Lakini nikija mwenyewe mtaniuliza nani amenifuata." Akavuta pumzi. "Njooni mnichukue."